Faili Nilizoandika M.K.

Vijana wangu,

Majuzi wawili wenu walinijia nyumbani, hapa mtaa wa Langoni, mjini Amu, baada ya swala ya alasiri. Mmoja binti wa miwani, mwengine kijana mrefu aliyejigonga kichwa kwenye mlango wangu wa ndani, kama wajigongavyo wageni wote warefu. Walisema wamepewa kazi ya kupiga picha faili za zamani za baraza ili ziingie kwenye kompyuta, na kuna alama imewashinda. Wakanionyesha kwenye simu: jalada la kahawia, na kwenye kona ya juu herufi mbili kwa wino mwekundu. M.K.

"Bibi, tumeuliza kila mtu," akasema yule binti. "Mmoja ametuambia ni mji wa Mkunumbi. Mwengine ati ni jina la karani wa zamani."

"Karani wa zamani ni mimi," nikamwambia, "na jina langu ni Mwanaheri. Kunyweni kahawa kwanza."

Kahawa ikanywewa, nikawaeleza nusu ya habari, kisha wakaaga kwa kuwa boti yao ya Mokowe ilikuwa inaondoka. Nusu iliyobaki naiandika hapa, isomwe na nyote mlioingia kazi hii. Najua mnaharakisha. Mimi pia nilikuwa naharakisha, na habari yenyewe inaanzia hapo.

Baraza letu lilikuwa dogo. Mtu aliyenyimwa leseni ya bunduki, au aliyenyang'anywa, alikuwa na haki ya kukata rufaa kwetu. Mwenyekiti na wajumbe wawili walikuja Amu mara nne kwa mwaka, wakakaa siku tatu au nne, wakasikiza, wakarudi kwao bara. Mimi karani nilibaki mwaka mzima na dirisha langu, kabati mbili na feni iliyokuwa ikizunguka ikitaka. Waliokuja dirishani hawakuwa watu wa kutisha. Wengi walikuwa wakulima wenye mashamba bara, wanaosumbuliwa na nyati na nyani, na wenye maduka ya mbali. Bunduki zao zilikuwa kuukuu, nyingine zimefungwa waya.

Aliyenifunza kazi ni Bwana Athmani, mtu wa mtaa wa Mkomani, Mungu amrehemu. Alikuwa mwembamba, msafi, hana haraka na mtu. Siku yangu ya kwanza hakunipa kalamu, alinipa sindano na uzi. "Hapa chumvi iko hewani," akaniambia. "Ukitumia pini, mwaka wa pili itakuwa kutu, na kutu itakula karatasi. Shona." Nikashona faili wiki mbili nzima. Majuzi yule kijana mrefu aliniambia faili zangu ndizo pekee ambazo kurasa hazijapotea. Nilifurahi hadi usiku.

Jambo la pili alilonifunza ni maji. Mwenyekiti mmoja alipanga kikao saa mbili asubuhi, na wakata rufaa wanne wote walikuwa watu wa kisiwa cha Pate. Saa mbili ikafika, hakuna mtu. Mwenyekiti akataka kuzitupa rufaa zote kwa sababu ya utoro. Bwana Athmani akasimama, akamfungulia jedwali la maji kujaa na kupwa, akamwekea kidole. "Mheshimiwa, sasa hivi maji yamekupwa, boti haipiti mkanda, ule mfereji wa kujia huku. Hawa watu wamekaa kwenye tope wanakuja kwako. Watafika saa sita." Walifika saa sita na robo, wametapakaa tope hadi magotini. Tangu siku hiyo hatukupanga kikao bila jedwali la maji. Sijui kama sistimu yenu inajua maji. Kama haijui, ifunzeni.

La tatu lilikuwa hili: soma nambari kabla ya jina. "Visiwani humu," akisema, "majina yanarithiwa. Mtu anaitwa jina la babu yake, na binamu yake vivyo hivyo, na wote wako mtaa mmoja. Bunduki haina binamu. Imechongwa nambari kiwandani, na nambari hiyo ni yake peke yake. Ukishika faili, itafute nambari ya bunduki kwanza, kisha ndipo uulize mwenyewe ni nani." Nililijua somo hili kwa moyo. Kulitumia ni jambo jingine, kama mtakavyoona.

Tulicheka pia, msidhani. Mzee mmoja alikuja siku ya kikao na kitu kirefu amekizungushia leso, akakilaza kwenye meza ya dirisha langu, akakifunua. Bunduki! Nilikuwa chini ya meza kabla sijajua nimefikaje. Mjumbe mmoja alitokea mlangoni, akaona, akarudi ndani akafunga komeo. Bwana Athmani peke yake alibaki kwenye kiti chake. Akavaa miwani.

"Bwana, karibu," akamwambia. "Wewe nina barua yako ya kuitwa. Huyu mwenzio naye ana barua?"

"Nimemleta awe shahidi," akasema yule mzee. "Wamesema ni mbovu. Nataka waheshimiwa wamuone."

Askari akaitwa, bunduki ikachukuliwa kwa adabu, ikaonekana kweli ni nzima. Mzee akashinda rufaa yake. Ndiyo maana barua zetu zote baadaye ziliandikwa chini: Njoo na karatasi zako, silaha iache ilipo. Yule binti wa miwani alikuwa ameliona neno hilo akashangaa.

Sasa M.K.

Leseni ya bunduki, wakati wetu, maisha yake yalikuwa mwaka mmoja. Rufaa nayo ilikuwa ikienda polepole. Karatasi zitoke kituo cha polisi, zifike afisi ya leseni bara, zijibiwe, zije kwetu, zingoje kikao. Mara nyingi faili ilipofika juu ya meza, leseni iliyokuwa ikigombaniwa ilishakufa yenyewe kwa tarehe. Na ofisa wa leseni, aliyekuja kuitetea afisi yake, alikuwa na maneno yale yale: "Waheshimiwa, leseni imekwisha. Hata mkimpa haki, hakuna cha kumrudishia. Mtapitia nini?"

Bwana Athmani alipostaafu nikabaki peke yangu. Kabati zikajaa, faili zikapanda juu ya kabati, zikashuka chini ya dirisha. Nikatafuta dawa. Kila faili ambayo tarehe ya leseni yake imepita, nikaitoa kwenye orodha kabla ya kikao, nikaiandika herufi mbili: M.K. Muda Kwisha. Hakuna aliyeniamuru. Ilikuwa akili yangu mwenyewe, na niliona ni akili nzuri. Orodha ikawa fupi. Wenyeviti wakanisifu. Mmoja aliniandikia barua ya pongezi, nikaitia fremu.

Bwana Shee alikuja dirishani kwangu asubuhi moja, kanzu imekunjwa hadi kwenye vifundo kwa sababu ya tope. Alikuwa mtu wa Pate, mzee wa miaka sitini na kitu, mpana wa mabega, sauti ndogo. Shamba lake lilikuwa bara, na kwa miaka mingi alikuwa na bunduki moja ya kufukuzia nyati, leseni yake ikihuishwa kila mwaka bila neno. Kisha akapata barua. Leseni imefutwa kwa sababu hakuipeleka bunduki kukaguliwa na hakueleza iliko, na kwa hivyo mwenye leseni "si mtu wa kuaminika na silaha." Bunduki ikachukuliwa. Akakata rufaa, akisema aliipeleka.

Nikaifungua faili, nikaangalia tarehe tu.

"Bwana Shee, leseni yako imekwisha mwezi uliopita," nikamwambia. "Rufaa haina kazi tena. Omba leseni mpya."

Akafikiri. "Mwanangu, kwenye karatasi ya kuomba mpya, hakuna swali la kama uliwahi kufutiwa?"

"Liko."

"Nami nijibu kweli?"

"Ni lazima ujibu kweli."

"Nikijibu kweli, watanipa?"

Nyuma yake kulikuwa na watu watatu wakingoja. Nikamwambia ajaribu tu, inshallah. Akanitazama kidogo, akashukuru, akaondoka. Nikachukua wino mwekundu.

Miezi mingi ikapita, akaja mwenyekiti mpya. Alikuwa mama wa bara, wakili wa zamani, mfupi, mwenye kutembea kwa kasi na kuuliza kwa upole. Sisi tulimwita Bi Mwenyekiti, na hadi leo nikimtaja namtaja hivyo. Kikao chake cha kwanza, saa ya chai, alitoka barazani akamkuta mzee ameketi kwenye ngazi, kofia mapajani. Akarudi kwangu.

"Yule baba ana kesi leo?"

"Hapana, Bi Mwenyekiti. Ni Bwana Shee wa Pate. Faili yake ilifungwa zamani. Amekuja kila kikao, anakaa hapo, kisha anarudi."

"Nani aliifunga?"

"Muda ulikwisha."

"Muda hauna kalamu, Bi Mwanaheri. Ni nani?"

Ningeweza kusema wenyeviti waliopita. Barua yangu ya pongezi ilikuwa ukutani, nyuma ya kichwa changu.

"Ni mimi," nikasema.

Hakunigombeza. Alisema tu, "Niletee," akaichukua faili, akaisoma amesimama, chai yake ikapoa. Halafu akaagiza Bwana Shee aingie na rufaa yake itajwe mwisho wa kikao. Na mimi niliagizwa nieleze mbele ya wote kwa nini haikutajwa kabla ya hapo. Nilieleza. Nimezaa watoto wanne, na sikumbuki dakika ndefu kama zile.

Ofisa wa leseni alisimama na maneno yake. Leseni imekwisha, rufaa imekufa nayo, baraza halina cha kupitia. Alikuwa kijana mstaarabu, na kwa sheria kama alivyoijua alikuwa anasema kweli yake.

Bi Mwenyekiti akamgeukia Bwana Shee. "Baba, baraza hili likiona ulionewa, unataka urudishiwe bunduki?"

"Siitaki," akasema Bwana Shee. Ofisa akatabasamu, akaanza kukusanya karatasi zake.

"Huitaki?"

"Siitaki, mama. Mato yangu yamekwisha, sioni mbali. Nikiishika sasa nitapija ng'ombe wa jirani. Na shamba nimempa mwanangu."

"Basi umekuja kutafuta nini kila mara?"

Bwana Shee akaishika kofia yake kwa mikono miwili. Nitaandika maneno yake kama nilivyoyaandika siku ile, kwani mimi ndiye niliyekuwa nikiandika.

"Mimi nikiswalisha pale kwetu, mskiti mdogo wa mtaani. Si imamu mimi. Imamu akiwa hayuko, watu hunisukuma mbele. Ile barua ilisomwa barazani kwa chifu, watu wote wakasikia: huyu si mtu wa kuaminika, bunduki haiyulikani iliko. Nyote mwaiyua hali ya usalama ya nti hii siku zile. Watu wakauliza, amewapa nani? Hakuna aliyenambia neno. Waliwata tu, hawakunisukuma mbele tena. Mwanangu akaomba kazi ya kulinda wanyama, akaulizwa babako ni yule? Akaregea. Leseni imekwisha, kweli. Mwaka moya tu, ikafa. Lile neno halina tarehe. Mimi nataka neno litoke, nife nalo halimo."

Ofisa wa leseni akaziweka tena karatasi zake mezani.

Bi Mwenyekiti alituambia twende nje robo saa. Tuliporudi alisoma uamuzi mfupi: leseni ndiyo iliyokwisha muda, uamuzi wa kumwita mtu si wa kuaminika haujaisha, kwani ungali unamfuata yeye na watoto wake. Kwa hivyo baraza litaupitia. Akaipa afisi ya leseni hadi kikao kijacho kuleta ushahidi wake, na mimi akaniagiza nilete daftari la ukaguzi la kituo cha polisi cha bara, kilichokuwa kikikagua bunduki za upande wa shamba lake.

Nilivuka hadi Mokowe, upande wa bara, nikapanda gari hadi kituoni. Nilikaa na daftari hilo siku mbili. Siku ya kwanza nilitafuta jina. Bwana Shee hakuwamo kabisa, na nikaanza kuogopa, nikawaza labda barua ilikuwa kweli. Siku ya pili, nikimenya chungwa, nikamkumbuka Bwana Athmani. Nikaifungua faili yangu ukurasa wa kwanza, nikainakili nambari ya bunduki kwenye kiganja cha mkono, nikaanza kuitafuta nambari.

Ilikuwa pale! Bunduki ile ile, imekaguliwa, imeonekana nzima, tarehe ndani ya muda. Kwenye nafasi ya jina palikuwa na Shee mwengine wa Pate, jina la baba moja, jina la babu mbalimbali. Huyo wa pili alikuwa na bunduki pia, na ndiye ambaye hakuja kukaguliwa, kwa sababu alikuwa amefariki miezi mitatu kabla. Mwandishi wa siku ile alikuwa mgeni kazini. Alisikia Shee, akaangalia orodha, akaandika Shee wa kwanza aliyemwona. Marehemu akahesabiwa amekuja kukaguliwa, na aliye hai akahesabiwa mtoro.

Nikalifunga daftari. Nambari ile ilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza wa faili tangu siku Bwana Shee alipokuja dirishani. Ningeisoma siku hiyo, ingekuwa kazi ya siku mbili. Imemgharimu yule mzee miaka miwili na ushei ya kusimama safu ya nyuma mskitini.

Kikao kilichofuata, ofisa wa leseni aliliangalia daftari, akaangalia nambari kwenye faili, akaangalia tena. Akasimama akasema afisi yake haipingi. Hilo nalikumbuka kwa heshima. Wengi hupinga hata wakishaona. Bi Mwenyekiti akaufuta uamuzi, akaandika kwamba Bwana Shee alitimiza kila alichotakiwa na kwamba hakukuwa na sababu ya kumtilia shaka. Uliandikwa kwa Kiingereza, kama desturi. Bwana Shee akaipokea karatasi, akaigeuza juu chini.

"Hii itasomwa na nani kwetu?" akauliza. "Ile ya kwanza chifu aliieleza kwa Kiswahili."

Bi Mwenyekiti akanitazama. Sikungoja aseme. Nikarudi dirishani nikaketi, nikauandika uamuzi wote kwa Kiswahili, neno kwa neno, hadi vidole vikauma. "Mtu wa kuaminika" niliyaandika kwa herufi kubwa, jambo ambalo karani hafai kulifanya, na Bi Mwenyekiti akatia sahihi kama hakuona.

Ijumaa nikaenda Pate mwenyewe. Hakuna aliyenituma, nilichukua siku yangu ya mapumziko. Binti yake Bwana Shee, Khadija, ambaye ni mwalimu, alinipokea gatini, tukaenda pamoja mskitini, tukasimama upande wa wanawake. Baada ya swala chifu akaisoma karatasi. Alisoma vizuri, pole pole. Alipomaliza watu wakaja kumpa mkono Bwana Shee, mmoja mmoja, wengine wakikaa na mkono wake muda mrefu kuliko kawaida. Hawakuomba radhi kwa maneno. Wanaume wa kwetu hawajui. Yule jirani aliyekuwa akisukumwa mbele siku hizo akamwambia, "Kesho alfajiri ni zamu yako."

Bwana Shee alikuwa ameinama anatafuta viatu vyake kati ya viatu vya watu, na hakuviona, na Khadija akataka kwenda kumsaidia. Nikamshika mkono asiende. Baba yake hakuwa akitafuta viatu. Alikuwa anafuta uso.

Hapo ndipo nilipoishia na wale wenzenu wawili, boti yao ikawa inaondoka. Yafuatayo hawakuyasikia.

Jumatatu nilipofungua afisi niliitoa ile barua ya pongezi ukutani. Kisha nikazitoa faili zote zenye M.K., nikazipanga sakafuni. Zilijaza chumba hadi mlangoni. Nikamwandikia Bi Mwenyekiti, nikamweleza idadi ya faili bila kupunguza, na nikamwambia kama anaona nifukuzwe kazi sitakata rufaa. Alijibu kwa mstari mmoja: waandikie wote. Nikaandika kwa kila mmoja barua yake: ulikata rufaa, haikusikizwa, kosa si lako, ungependa isikizwe?

Wengine walijibu hawana haja, wamesahau. Mmoja alinitukana kwa ukurasa mzima, kwa hati nzuri sana. Wengi walikuja, na kila kikao tukaweka nafasi zao. Wengine walishinda, wengine walishindwa kwa haki, na aliyeshindwa baada ya kusikizwa hurudi kwao amesimama wima. Hilo nimeliona kwa macho yangu.

Barua moja ya kwenda Kiunga, kaskazini karibu na mpaka, ilirudi na maandishi pembeni: mwenyewe amefariki. Huyu alikuwa na duka na bunduki ya kulindia duka. Alichelewa kuhuisha leseni, akanyimwa, na barua ya kumnyima ilimwita mkaidi. Nikamuuliza Bi Mwenyekiti tufanye nini na faili ya marehemu. Akasema kama neno lingali kwenye rekodi, na kuna aliyeumizwa nalo aliye hai, tutamsikiza huyo. Nenda ukamuulize mjane.

Basi nikaenda Kiunga. Mjane wake, Bi Salama, alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye kupaka hina hadi kwenye viganja. Alinikalisha ukumbini, akaniletea samaki na mkate wa kumimina, na kila nilipotaka kusema habari ya faili akasema, "Kula kwanza." Nilipokwisha kula wakakusanyika watoto wake watatu, wote watu wazima, na wajukuu. Nikaeleza kilichonileta. Nikasema na kosa langu. Nikasema waliandika ya kwamba marehemu alikuwa mkaidi.

"Mkaidi?" akasema Bi Salama. "Ee, kwa dawa alikuwa mkaidi. Dokta akimpa vidonge anavificha chini ya mto." Wanawe wakacheka. Kisha akauliza, "Naye alisemaje? Aliwajibu nini?"

"Aliandika maelezo ya rufaa. Yako hapa ndani."

"Kwa mkono wake?"

"Kwa mkono wake."

"Nisomee."

Nikafungua faili. Mshono wangu ulikuwa imara bado, hakuna ukurasa uliopotea. Marehemu alikuwa ameandika kurasa tano, na hakuandika kama wanavyoandika watu kwa serikali. Alieleza siku kwa siku. Kwamba alitoka Kiunga Jumatatu kuja kituo cha polisi Amu kuhuisha leseni, boti ikazimika injini, wakapigwa na jua hadi mwenye boti akaanza kuimba kasida wasilale. Kwamba walirudi. Kwamba alitoka tena Alhamisi kwa gari, ndia ikafungwa na askari, wakaambiwa hakuna kupita kwa sababu ya usalama. Kwamba alirudi akakuta mbuzi amekula mchele wa dukani, na mke wake anamwambia hii leseni itakumaliza wewe kabla ya jambazi. Kwamba mara ya tatu alifika, amechelewa siku nne, na mtu wa dirisha la kituo akamwambia hakuwa na bidii.

Nilipofika pale pa mbuzi binti mkubwa akafunika mdomo kwa mtandio, mabega yakamtikisika, na mdogo wake wa kiume akasema, "Ndiye huyu. Ndiye yeye hasa." Bi Salama alikuwa amefumba macho. Nilipomaliza ukurasa wa tano aliniambia nirudie wa pili, ule wa kasida. Nikaurudia. Wajukuu wawili waliokuwa wakikimbizana uani wakaja wakakaa, wakauliza ni nani anayesema maneno yale. Mama yao akawaambia, "Babu yenu."

Nikaifunga faili. Nikamwambia Bi Salama kwamba baraza haliwezi kumpa bunduki wala leseni, na duka najua limekwisha kufungwa. Linaloweza kufanya ni kuliondoa lile neno, na kwa hilo lazima mtu aombe kwa jina lake mwenyewe. Kama anaona ni usumbufu, nitaelewa, nitarudi Amu na sitamlaumu.

Akafumbua macho. Akafuta mikono yake kwenye leso, mara mbili, kama mtu anayejiandaa kushika msahafu, akausogeza mkeka hadi magoti yake yakagusa yangu.

"Toa kalamu," akasema. "Andika, mimi Salama ndiye ninayeomba."